Sura ya Sita: Kisiwa Kimoja, Bahari Mbili

Ilikuwa Julai, siku ya sita ya likizo ya siku saba. Mpwa wangu alisimama juu ya genge la La Pared, pwani ya magharibi ya kisiwa cha Fuerteventura, akatazama chini bila kusema neno. Chini yetu kulikuwa na ufuko wa mchanga, na majini watu kama kumi, wakubwa kwa watoto, wamevaa fulana za rangi moja. Mwalimu wao alisimama maji yakimfika kiunoni. Kila wimbi lilipokuja alimsukuma mmoja, na wimbi likampokea na kumleta hadi ufukoni, wengine wamelala kifudifudi, wengine wamepiga magoti, mmoja amesimama wima na mikono juu.

Mpwa wangu akanigeukia. "Mjomba," akasema, "kumbe mawimbi yalikuwa hapa siku zote?"

Yalikuwapo. Kutoka nyumba tuliyopanga Costa Calma hadi pale ni mwendo wa gari wa robo saa. Siku tano nzima alikuwa upande wa pili wa kisiwa, kwenye ufuko wa Sotavento, akinilindia mkoba na kunitazama nikienda na kurudi na tanga langu, katika maji yasiyokuwa na wimbi hata moja la kumfundishia mtu. Safari niliipanga mimi. Kuhusu upepo nilisoma kila nilichokipata. Kuhusu mawimbi sikusoma hata ukurasa mmoja, kwa sababu mwenye haja nayo hakuniuliza. Naye hakuuliza kwa sababu anayeanza hajui cha kuuliza.

Hilo ndilo somo la sura hii. Mkisafiri pamoja, mmoja akiwa mtu wa ubao wa tanga na mwingine ndiyo kwanza anataka kujifunza kuteleza juu ya mawimbi, mpango uanze kwa yule anayejifunza. Mwenye tanga ameshaonja. Upepo ukimnyima siku mbili, wa siku ya tatu atausubiri. Mwanafunzi akinyimwa siku mbili za mwanzo, au akipelekwa kwenye maji yasiyomfaa akaogopa, huenda asirudi baharini tena maisha yake yote.

Rafiki wa tanga, adui wa wimbi

Watu wengi hudhani michezo hii miwili ni ndugu wa tumbo moja: yote ina ubao, yote inachezwa baharini, basi kisiwa kinachofaa huu kitafaa na ule. Ukweli ni kwamba mahitaji yake yanagongana.

Mwenye tanga anataka upepo. Ili ubao wake uinuke na kuparaza juu ya maji badala ya kuyalima, anahitaji upepo wa kilomita 28 kwa saa hivi na zaidi, unaovuma bila kukatika. Mwanafunzi wa mawimbi anataka kinyume chake. Upepo wa nguvu unaotoka baharini huvuruga maji, mawimbi yakawa mengi, mafupi, yasiyo na mpangilio, yanayovunjika kabla mtu hajajiweka sawa. Wimbi zuri la kujifunzia limezaliwa mbali, pengine na dhoruba iliyo umbali wa maelfu ya kilomita, likasafiri siku kadhaa hadi likajipanga. Likifika ufukoni linataka hewa tulivu, au upepo mwepesi wa kutoka nchi kavu, ule ambao wavuvi wetu huuita umande, unaolizuia kidogo lisianguke kabla ya wakati wake.

Kwa hiyo usitafute ufuko mmoja utakaomridhisha kila mtu. Tafuta kisiwa chenye pwani mbili zilizo karibu, kila moja ikiwa na tabia yake. Mabaharia wetu wana maneno ya jambo hili: joshini ni upande unakotoka upepo, na demani ni upande unakokwenda. Kisiwa kizuri kwa safari hii ni kile unachoweza kuvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine kabla chai ya chupani haijapoa.

Shingo ya kisiwa

Fuerteventura ni cha pili kwa ukubwa katika visiwa vya Canary, ambavyo ni sehemu ya Hispania ingawa viko karibu zaidi na Afrika: kutoka hapo hadi pwani ya bara letu ni kama kilomita 100 tu. Ni kisiwa kikavu, chembamba, kirefu, chenye mbuzi wengi. Mji wake mkuu, Puerto del Rosario, uliitwa Bandari ya Mbuzi hadi mwaka 1956. Upepo unaokitawala hutoka kaskazini mashariki. Wahispania huuita alisios, na ni wa ukoo mmoja na kusi yetu, kwani huvuma kwa msimu na kwa kudumu, nao ndio uliokuwa ukizisukuma merikebu za Ulaya kuvuka Atlantiki.

Kusini mwa kisiwa ardhi inabanwa ikawa shingo ya mchanga yenye upana wa kilomita tano hivi. Baada ya shingo hiyo inainuka rasi ya Jandía, ambayo kilele chake, Pico de la Zarza, kina mita 807. Hapo ndipo siri ilipo. Upepo ukifika kwenye shingo unakuta milima pande mbili na njia nyembamba katikati, ukafanya kama maji unapobana mdomo wa mpira wa bustani kwa kidole. Unatoka upande wa mashariki, kwenye ufuko wa Sotavento, ukiwa na nguvu kuliko ulivyoingia. Jina lenyewe, Sotavento, kwa Kihispania maana yake ni demani. Kwa kawaida demani ndiko anakokimbilia nahodha anayetafuta utulivu. Hapa ndiko upepo unakopiga zaidi, na tangu miaka ya 1980 mashindano ya dunia ya ubao wa tanga yamekuwa yakifanyika hapo.

Kwa sababu upepo huo unatoka nchi kavu, haujapata nafasi ya kuinua mawimbi. Maji ya karibu na ufuko yamelala, yana mikunjo midogo tu, na ubao unakwenda juu yake kwa kasi inayokufanya usahau jina lako. Mchanga unaruka na kukuchoma miundini kama sindano. Na kuna ziwa. Mbele ya ufuko limejitandaza fungu refu la mchanga, na wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yakijaa huvuka fungu hilo na kutengeneza dimbwi pana lisilofika kifuani. Ukiwa na mtu anayejifunza tanga, hesabu siku za bamvua kabla ya kukata tiketi. Siku za maji mafu dimbwi hilo huwa jangwa.

Sasa vuka shingo. Upande wa magharibi, kwenye Atlantiki iliyo wazi, ndiko La Pared. Jina hilo maana yake ni ukuta, na wenyeji husimulia kwamba kabla ya Wahispania kuja, ukuta ulipita hapo kugawa falme mbili za kisiwa, Maxorata na Jandía. Kwangu mimi falme mbili bado zipo: mashariki ufalme wa tanga, magharibi ufalme wa mawimbi. Mawimbi yanayokuja kutoka kaskazini na kaskazini magharibi hufika kwenye mchanga wa La Pared, na shule za kufundisha zimeweka kambi hapo. Julai ile, mawimbi yalikuwa madogo, ya kufika mapajani na kiunoni. Kwa mwanafunzi hayo ndiyo hasa anayoyahitaji.

Ukikaa kaskazini

Njia ya pili ni kukaa Corralejo, mji wa kaskazini. Hapo mwenye tanga ana ufuko wa Flag Beach, pembeni mwa vilima vya mchanga vinavyohifadhiwa. Upepo unapiga kwa ubavu au kuelekea ufukoni, kwa hiyo ukianguka unarudishwa nchi kavu, tofauti na Sotavento ambako upepo hukupeleka kilindini na boti ya uokoaji ndiyo tegemeo lako. Mwanafunzi wa mawimbi anakwenda El Cotillo, magharibi, kama kilomita 20 kutoka Corralejo. Huko kuna ufuko mrefu wa mchanga uitwao Piedra Playa, na upepo wa alisios hufika ukiwa umeshapita juu ya nchi kavu, ukayanyosha mawimbi.

Kati ya pwani hizi mbili kuna pwani ya kaskazini, maarufu kwa picha za magazetini. Mkimbize mwanafunzi wako mbali nayo. Chini ya maji hakuna mchanga. Kuna mawe meusi ya volkano, makali kama chupa iliyovunjika, na mawimbi ya majira ya baridi huko yanahesabiwa kwa mita. Vilevile Cofete, nyuma ya milima ya Jandía, ni ufuko mzuri ajabu wa kutazama, na mikondo yake ni ya kuua.

Epuka kosa la kukaa kaskazini na kupanga kucheza kusini kila siku. Kutoka Corralejo hadi Sotavento ni kama kilomita 90. Saa moja na zaidi ya kwenda, saa moja na zaidi ya kurudi, na mikono imechoka: siku ya tatu mtaanza kununiana. Chagua jozi moja, ama Sotavento na La Pared, ama Flag Beach na El Cotillo, kisha ukae katikati yake. Kodini gari. Kisiwa hiki bila gari kinakuwa ufuko mmoja tu.

Mwezi na saa

Upepo wa Fuerteventura una kilele chake Juni hadi Agosti. Mawimbi ya mbali yana kilele chake Novemba hadi Machi, dhoruba za Atlantiki ya Kaskazini zinapoyatuma. Mwenye tanga akipanga peke yake atachagua Julai; bingwa wa mawimbi atachagua Januari. Januari ni mwezi mbaya kwa anayeanza, kwa sababu wimbi la bingwa ni jengo linalomwangukia mwanafunzi. Mimi huwashauri watu mwezi wa Mei, Juni mwanzoni, au Septemba. Upepo haujaisha, mawimbi hayajawa makali, na bei za nyumba hazijapanda kama za Agosti. Septemba ina zawadi nyingine: maji yamepata joto lote la kiangazi, karibu nyuzi 22 au 23. Mwisho wa majira ya baridi hushuka hadi 18 hivi. Kwa mtu aliyezoea bahari ya Tanga au Lamu, nyuzi 22 bado ni baridi. Nguo ya mpira ya mwili mzima ni lazima, na shule hukupa pamoja na ubao.

Ukishachagua mwezi, gawa siku. Asubuhi jua halijapasha ardhi, hewa imetulia, bahari inameremeta kama kioo. Mchana ardhi inapata moto, upepo wa baharini unajiunga na ule wa msimu, na matanga yanajaa. Asubuhi ni ya mawimbi, mchana ni wa tanga. Huko Maui, katika visiwa vya Hawaii, ufuko wa Kanaha umelifanya jambo hili kuwa utaratibu: mwenye tanga haingii majini kabla ya saa tano asubuhi. Kabla ya hapo bahari ni ya waogeleaji, wavuvi na watu wa mawimbi. Ninyi nanyi jiwekeeni sheria hiyo nyumbani kwenu, hata kama upepo umeamka mapema na mwenye tanga anawashwa viganja.

Kila jioni someni utabiri pamoja. Kwa upepo, tazameni kasi na mwelekeo. Kwa mawimbi, tazameni vitu viwili: urefu, na sekunde zinazopita kati ya wimbi na wimbi. Wimbi la nusu mita lenye sekunde kumi limetoka mbali na limejipanga. Linasukuma kwa upole lakini kwa uhakika. Wimbi la mita moja lenye sekunde sita limetengenezwa na upepo wa hapo karibu, ni fujo tupu. Kwa mwanafunzi, nusu mita hadi mita moja inatosha kwa wiki nzima.

Saa mbili za mwanzo

Kesho yake, siku yetu ya mwisho, nilimpeleka mpwa wangu La Pared saa tatu asubuhi, nikakaa mchangani bila tanga. Nilitaka kuona anachofundishwa mtu.

Kwanza hawakuingia majini. Mwalimu aliwakalisha nusu saa wakiangalia bahari. Akawaonyesha mahali ambapo mawimbi yanavunjika meupe, na mahali palipo na njia ya maji ya rangi nzito, tulivu, isiyovunjika. Mgeni huipenda njia ile kwa sababu inaonekana salama. Kumbe ndiyo mkondo unaorudi baharini. Ukikuchukua, akasema, usishindane nao. Shika ubao wako, nenda kwa ubavu sambamba na ufuko, utatoka. Kisha akawaonyesha bendera: kijani, mnaoga; njano, tahadhari; nyekundu, hakuna anayeingia.

Halafu wakalala juu ya mbao zao mchangani. Mbao zilikuwa za sponji, ndefu, futi nane au tisa, pana kama mlango. Viganja chini ya mbavu, sukuma kifua, vuta mguu wa nyuma, leta wa mbele katikati ya mikono, inuka. Wakarudia mara ishirini. Mpwa wangu alikuwa akiinama kutazama kama miguu yake imekaa sawa, na kila mara mwalimu alimgusa kidevu akimwinua uso: usitazame miguu, tazama ufukoni, mwili unakwenda yanakokwenda macho.

Majini alianguka mara tisa. Nilihesabu. Mara ya kumi alipiga goti, akainuka, akasimama muda wa kuvuta pumzi mbili, macho yakiwa ufukoni, juu ya povu lisilofika magotini. Alipotoka alikuwa akilia, na hakuniruhusu nimwulize kwa nini. Jioni ile tukafunga mizigo. Siku tano nilizomnyima haziwezi kurudi, na hiyo ndiyo sababu ya kuandika sura hii kwa urefu huu.

Kwa nini nisiwapeleke Unguja?

Swali hili naulizwa kila mara, na ni swali la haki. Paje na Jambiani, mashariki ya Unguja, zina upepo wa kutegemewa mara mbili kwa mwaka, kaskazi kuanzia Desemba na kusi kuanzia Juni, na watu wa ubao wa tiara wanatoka pembe zote za dunia kuufuata. Maji ni ya vuguvugu. Lakini upande ule umezungukwa na mwamba wa matumbawe, na mawimbi ya bahari kuu huvunjikia huko nje, mbali na ufuko. Ndani ya mwamba, maji yakijaa ni shwari. Yakipwa unatembea kwa miguu hadi kwenye vigingi vya kina mama wakulima wa mwani, ambao bahari ile ni shamba lao na wana haki ya kwanza. Mwanafunzi wa mawimbi anahitaji mchanga chini ya miguu. Kumpeleka kwa boti hadi mwambani ni kumpeleka mtoto wa chekechea chuo kikuu. Basi Unguja ni kisiwa cha kujifunzia tanga. Nendeni huko kwanza, mwenye tanga apate msingi wake kwa kusi, halafu mpange safari ya mawimbi.

Kama Ulaya ni baridi kwenu, kuna Barbados. Kisiwa kina urefu wa kilomita 34 tu. Watu wa tanga hukaa Silver Sands, ncha ya kusini, upepo wa Karibiani ukivuma Desemba hadi Juni. Wanafunzi hupelekwa Freights Bay, ghuba iliyo karibu hapo, ambako wimbi hupinda taratibu na kukimbia kwa urefu. Pwani ya mashariki, Bathsheba, waachieni mabingwa.

Kabla ya kukata tiketi

Visiwa vya Canary vinaingiwa kwa viza ya Schengen, kwa hiyo Mtanzania au Mkenya aanze maombi mapema, na kutoka Afrika Mashariki utabadilisha ndege njiani, mara nyingi Madrid au mji mwingine wa Ulaya. Usisafiri na tanga na mlingoti. Mzigo wake ni mrefu, na vituo vya kukodi viko Sotavento na Corralejo. Mwanafunzi alipiwe masomo ya siku tatu mfululizo tangu mwanzo wa safari, wala si siku moja ya kujaribu mwishoni. Siku ya kwanza mwili unaogopa, ya pili unauma, ya tatu unaelewa. Na acheni siku moja tupu katikati kwa ajili ya kupumzika, au kwenda na boti kisiwa kidogo cha Lobos, ambacho unahitaji kibali kukitembelea.

Kisha kaeni mezani, wote, na anayeanza aseme wa kwanza. Akisema "sijui", msiruke zamu yake. Mwulizeni kama anaogelea, kama anaogopa maji yenye kina, kama anataka kusimama juu ya wimbi au anataka tu kuwa karibu nanyi. Majibu hayo ndiyo yatakayowachagulia kisiwa.

Tulirudi Fuerteventura miaka miwili baadaye, mwisho wa Septemba. Safari hii mpango aliuandika yeye: La Pared asubuhi, Sotavento mchana. Siku ya nne upepo ulikatika kabisa. Maji ya Sotavento yalilala kama mafuta, na hapakuwa na la kufanya. Akanitazama, akaingia chumbani, akatoka na nguo mbili za mpira.

Saa mbili baadaye nilikuwa nimelala kifudifudi juu ya ubao wa sponji, maji yakinipiga masikioni, nisijue niweke wapi mikono. Mpwa wangu alikuwa nyuma yangu, maji yakimfika kiunoni, ameshika mkia wa ubao. Nikalisikia wimbi likija.

"Mjomba," akasema, "usitazame miguu. Tazama ufukoni."

Akasukuma.